Nimeuanza mfumo mmoja mara tatu kwa fremuweki tatu: nishike ipi?

SWALI

Mpendwa Mwalimu,

Pokea salamu zangu kutoka Kondele, hapa Kisumu. Mimi ni msichana wa miaka 24. Nilisomea teknolojia ya habari katika chuo cha kiufundi, na tangu nimalize masomo nimekuwa nikitengeneza tovuti ndogondogo za maduka, makanisa na shule. Mwezi wa Januari mjomba wangu alinikutanisha na mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Nandi, mzee mtaratibu asiyependa maneno mengi, naye akaniomba niwatengenezee mfumo wa kuandika maziwa yanayoletwa na kila mwanachama asubuhi, kukata madeni ya chakula cha ng'ombe na ya daktari wa mifugo, kisha kuwalipa wanachama kwa M-Pesa mwisho wa mwezi. Tulielewana kwamba ningemaliza kwa miezi miwili, nami nikapokea shilingi 40,000 za kuanzia.

Nilianza kwa Laravel kwa kuwa PHP ndiyo lugha niliyofundishwa. Katika wiki tatu nilikuwa na ukurasa wa kusajili wanachama na ukurasa wa kuandika kilo za maziwa. Nilipofika kwenye makato na malipo, mwenzangu tuliyesoma naye akaniambia kwamba PHP imekufa na kwamba najipotezea wakati, basi nikahamia Django. Niliipenda, hasa kwa sababu ukurasa wake wa msimamizi hujitokeza bila kuandikwa. Nikayarudia yale yale hadi nikafika kwenye malipo, na hapo binamu yangu aliyeajiriwa Nairobi akanishauri niache kuchanganya lugha, nitumie JavaScript kila mahali, yaani React kwa upande wa mbele anaouona mtumiaji na Node.js kwa upande wa nyuma, kwenye seva. Nikaanza tena. Sasa tuko mwezi wa tano. Wanachama wanasajilika, kilo zinaandikika, lakini makato bado.

Juma lililopita mzee alinipigia simu akaniuliza kwa upole, "Binti yangu, ile apu yetu imefika wapi?" Kwa kuwa alisema apu, nimeanza kusoma Flutter usiku, ingawa kipakatalishi changu chenye kumbukumbu ya GB 4 hukwama kila nikifungua Android Studio, programu ya kutengenezea apu za Android.

Naomba unieleze tofauti kati ya lugha, maktaba, fremuweki na jukwaa, kwa maana kila mtu huyatumia maneno haya apendavyo. Kisha uniambie nishike ipi, na nimjibu mzee nini.

Msanidi programu, Kondele


JIBU

Binti wa Kondele,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na katika kuisoma mara ya pili nikapigia mstari mahali patatu. Laravel uliiacha ulipofika kwenye makato na malipo. Django uliiacha ulipofika kwenye malipo. Sasa uko kwenye Node.js, na makato bado. Vitu vitatu vilivyoundwa na watu wasiojuana, katika lugha tatu, haviwezi kuwa na kasoro moja mahali pamoja. Kilichokuwapo mara zote tatu ni hesabu ya chama, nami nitairudia baada ya kukujibu ulichouliza, kwa sababu nadhani ushauri wa rafiki zako ulikujia wakati ulipokuwa tayari unatafuta mlango wa kutokea.

Ukishuka Dunga siku moja, watazame mafundi wanaounda mashua za ziwani. Kwanza hulazwa mkuku, ule mti mrefu wa chini, kisha husimamishwa mataruma, yaani mbavu za chombo, halafu mbao hupigiliwa kufuata umbo ambalo tayari limeamuliwa. Mifupa hiyo ya chombo kinachoundwa Kiswahili hukiita kiunzi, na ndiyo sababu mimi hupenda kuiita fremuweki kiunzi. Laravel na Django ni viunzi: mtu mwingine amekwisha kuamua faili zikae wapi, ombi kutoka kwenye kivinjari lipokelewe vipi, mtumiaji athibitishwe vipi na hifadhidata izungumzwe nayo kwa njia gani, nawe unapigilia mbao zako. Maktaba, kwa upande mwingine, ni kama randa katika kikapu cha fundi: huitoa unapoihitaji na kuirudisha ukimaliza. Kipimo ninachokitumia kuzitenganisha ni kuuliza nani anamwita nani. Msimbo wako, yaani maagizo unayoyaandika, huiita maktaba, ilhali kiunzi ndicho kinachouita msimbo wako. Katika Laravel hukuandika popote namna ya kungoja ombi la mtumiaji. Uliandika tu kwamba mtu akifungua ukurasa wa wanachama, kazi fulani iitwe, na kiunzi kikaiita.

Lugha ndiyo mbao yenyewe: PHP, Python, JavaScript, Dart. Jukwaa ni maji ambayo chombo kitaelea juu yake, yaani kivinjari, Android, iOS au Windows. Sasa tazama ulicholinganisha. React, iliyotolewa na Facebook kwa umma mwaka 2013, hujitambulisha yenyewe kuwa maktaba ya kuchorea kurasa. Node.js, iliyotolewa na Ryan Dahl mwaka 2009, ni mazingira ya kuendeshea JavaScript nje ya kivinjari, na ukitaka kiunzi juu yake utaongeza Express au kingine. Kwa hiyo uliposhauriwa kuacha Django na kushika React na Node.js, ulishauriwa kuacha mashua iliyokwisha kusimamishwa mataruma na kwenda kununua randa na mbao, kisha uamue mwenyewe kila kipimo. Binamu yako pengine yumo katika kampuni yenye wasanidi kumi na mtu maalumu wa kufanya uamuzi huo. Kwake ni ushauri mzuri.

Inafaa pia ujue kwamba kila kiunzi hubeba alama ya mahali kilipozaliwa. Django ilianza mwaka 2003 katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, kule Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Ule ukurasa wa msimamizi ulioupenda ulitokana na haja ya waandishi wa habari kuingiza taarifa wenyewe bila kumsubiri mtaalamu wa tarakilishi. Laravel ya Taylor Otwell, iliyotoka mwaka 2011, ililenga kumpunguzia mwandishi wa PHP kazi za kila siku, ndiyo maana ndani yake utakuta uthibitishaji wa watumiaji, namna ya kubadilisha majedwali ya hifadhidata na foleni za kazi zinazofanyika nyuma ya pazia. Flutter ya Google, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018, ilikusudiwa mtu anayetaka msimbo mmoja utoe programu ya Android na ya iPhone kwa pamoja. Swali ni kama tatizo lako linafanana na mojawapo ya haya, na lako linafanana na mawili ya kwanza kuliko la tatu.

Kuhusu PHP kufa, sitakuchosha. Wikipedia inaendeshwa na programu iliyoandikwa kwa PHP, WordPress vilevile, na Laravel hutoa toleo kubwa jipya karibu kila mwaka. Maiti haifanyi hivyo.

Basi shika Laravel. Urudi kwenye kazi yako ya kwanza, kwa sababu lugha yake unaijua, kwa sababu seva za bei nafuu zinazotumiwa na wateja wengi kwa pamoja, ambazo chama kidogo kinaweza kuzimudu, karibu zote zinaendesha PHP bila matayarisho, na kwa sababu siku utakapopata kazi Mombasa au kuolewa Kitale, mzee atampata kijana mwingine Eldoret au Kapsabet anayeweza kuisoma. Kama ungeniambia kwamba msimbo wa Laravel ulipotea na uliobaki ni wa Django, ningekuambia ushike Django bila kusita. Tofauti kati ya hizo mbili kwa kazi hii ni ndogo kuliko gharama ya kuhama mara moja zaidi.

Flutter iache kwa sasa. Android Studio, kwa maelezo ya Google wenyewe, inataka angalau GB 8 za kumbukumbu, nawe una nusu yake. Zaidi ya hilo, jiulize nani hasa atakayefungua programu hiyo. Mfugaji anayefika na debe lake saa kumi na mbili asubuhi mara nyingi ana simu ya mulika mwizi, na anachotaka ni ujumbe mfupi unaosema kilo zake za leo na jumla ya mwezi. Ujumbe huo unaweza kutumwa na mfumo wa wavuti kupitia kampuni kama Africa's Talking, bila mtu yeyote kupakua chochote. Skrini yako itatazamwa na karani, mweka hazina na mwenyekiti, na hao wanatosheka na ukurasa unaofunguka vizuri kwenye kivinjari cha simu na kuwekwa kama alama kwenye uso wa simu. Nina hakika mzee aliposema apu alimaanisha kitu cha kubonyeza kwenye simu yake. Akisisitiza iPhone, mweleze kwamba Apple hutoza msanidi dola 99 kila mwaka na kwamba utahitaji tarakilishi ya Mac. Google Play hutoza dola 25 mara moja.

Kuna jambo moja la jukwaa ambalo sitaki ulipuuze, nalo ni mtandao. Vituo vya kukusanyia maziwa vilivyo mabondeni mara nyingi havina mtandao wa kutegemewa. Anza na karani wa kwenye mtambo wa kupozea maziwa, ambako kuna umeme, na uache vituo vya mbali viendelee na daftari hadi utakapojifunza kuhifadhi rekodi ndani ya kivinjari na kuzituma mtandao ukirudi.

Sasa nikupe kisa kilichotokea karibu na hapo unapokwenda. Ukitoka Kapsabet ukiendelea kwa barabara ya Eldoret utapita Mosoriot. Katika kituo cha afya cha hapo, mwaka 2001, ulianza kutumika mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access, programu ya hifadhidata ambayo msanidi wa leo angeona haya kuitaja mbele ya wenzake. Ulifanya kazi. Wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi walipoongezeka chini ya mpango wa AMPATH, unaowaunganisha Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana, Access haikutosha tena. Mwaka 2004 ikaanza kazi ya kuunda OpenMRS, mfumo mpya wa rekodi za wagonjwa, kwa lugha ya Java, kiunzi cha Spring na hifadhidata ya MySQL, na mwaka 2006 mfumo wa AMPATH uliojengwa juu yake ukaanza kutumika Eldoret. OpenMRS imesambaa katika nchi nyingi, na KenyaEMR inayotumika katika vituo vingi vya afya vya Kenya imejengwa juu yake. Kurasa zake za mbele zimebadilishwa tangu hapo, na za sasa zimeandikwa kwa React. Angalia mpangilio wa mambo: walianza na kifaa duni walichokimudu, wakajua kwa kutumia ni nini hasa kinachotakiwa kuandikwa kuhusu mgonjwa, kisha wakahama kwa sababu inayopimika. Hawakuhama kwa sababu binamu alisema.

Mimi mwenyewe sijapona ugonjwa huo kwa hekima. Mwaka 2015 nililijengea duka moja la vifaa vya ujenzi mfumo wa bidhaa kwa AngularJS, kiunzi cha JavaScript, nikijua kwamba kitu kinachotoka Google hakiwezi kuniangusha. Mwaka uliofuata ikatoka Angular 2, iliyoandikwa upya kiasi kwamba msimbo wangu haukuweza kuhamishiwa humo bila kuandikwa upya nao, na mwisho wa 2021 ile ya zamani ikakoma kabisa kuhudumiwa. Nilipoujenga tena mfumo wa duka lile, nilichokuta kizima ni majedwali ya hifadhidata tu. Tangu hapo muda wangu mwingi huuweka kwenye majedwali.

Turudi kwenye makato. Nadhani hukukwama kwenye msimbo. Ulikwama kwa sababu hakuna aliyekueleza kanuni, nawe ukaona aibu kuuliza. Mwanachama akidaiwa zaidi ya thamani ya maziwa yake ya mwezi, deni linahamia mwezi ujao lote, au chama humwachia kiasi fulani cha kupeleka nyumbani? Deni la chakula cha ng'ombe na la daktari wa mifugo, lipi hukatwa kwanza? Bei ya kilo ikibadilika tarehe 15, maziwa ya wiki mbili za mwanzo hulipwa kwa bei ipi? Maziwa yaliyokataliwa kwa kuchanganywa na maji huandikwa au hayaandikwi? Mume na mke wenye namba mbili za uanachama na simu moja hulipwaje? Mwanachama akifariki katikati ya mwezi, analipwa nani? Hakuna kiunzi duniani kinachojua majibu haya. Yamo kichwani mwa karani, na pengine hata mzee hayajui yote.

Kwa hiyo nenda Nandi ukiwa na kalamu, ukae na karani siku nzima, kisha umwombe daftari la mwezi mmoja uliokwisha kulipwa. Ingiza mwezi huo mzima kwenye mfumo wako na ulinganishe malipo ya kila mwanachama na yale yaliyolipwa kweli. Patakapotofautiana, hata kwa shilingi tano, muulize karani kwa nini, na utagundua kanuni ambayo hakuitaja au kosa ambalo alilifanya. Ukiweza kuutoa mwezi huo sawasawa, kazi ngumu imekwisha.

Katika kuandika, usihifadhi fedha kwa namba zenye nukta inayoelea. Ukiiambia Python au JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2 itakupa 0.30000000000000004, na wanachama mia nne wenye makombo kama hayo watakuletea mkutano mkuu usiousahau. Hifadhi senti kama namba kamili, na kilo kwa aina ya desimali ya hifadhidata. Usiweke salio la mwanachama kama namba moja inayofutwa na kuandikwa upya kila siku; kila tukio, liwe maziwa, deni au malipo, liwe mstari wake wenye tarehe, na salio lipatikane kwa kujumlisha. Bei nayo iwe na jedwali lake lenye tarehe ya kuanza. Mwezi ukishafungwa, mstari wake usibadilishwe. Kosa lirekebishwe kwa mstari mpya, kama mhasibu yeyote afanyavyo katika leja.

M-Pesa iwe ya mwisho. Daraja, mlango ambao Safaricom iliufungulia wasanidi, hupokea maombi ya kawaida ya wavuti, hivyo PHP, Python na JavaScript huuingia kwa namna moja. Kuwalipa watu kutoka kwenye akaunti ya chama kunahitaji namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la chama chenyewe na idhini ya viongozi wake, na hiyo ni shughuli ya mzee na mweka hazina, iliyo afadhali ianze leo kwa kuwa ina karatasi zake. Wakati wanaihangaikia, wewe jizoeze katika uwanja wa majaribio wa Daraja. Jambo linalowachoma wengi ni kwamba jibu la kwanza unalopewa husema tu kuwa ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye anwani ya seva yako, ambayo lazima iwe ya HTTPS, yaani yenye mawasiliano yaliyofichwa kwa fumbo, na yanaweza kuchelewa. Kabla ya kutuma, andika ombi kwenye hifadhidata na namba yake ya pekee. Matokeo yakija mara mbili, mfumo utambue kwamba ni ombi lile lile. Yasipokuja, uliza hali ya muamala badala ya kutuma fedha upya. Hapa ndipo foleni za Laravel zitakapokusaidia. Kwa mwezi wa kwanza, mfumo utoe orodha tu ya majina na kiasi, na mweka hazina alipe kwa njia anayoitumia sasa.

Utakuwa umeshika namba za vitambulisho na simu za mamia ya watu, kwa hiyo isome Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na umweleze mzee kwamba chama chenyewe kina wajibu chini yake. Nywila moja inayotumiwa na makarani wote haifai.

Kwa mzee, usipige simu, nenda. Mpelekee ukurasa wa wanachama na wa kilo ukifanya kazi kwenye simu yake mwenyewe, umwambie wazi kwamba umechelewa kwa kuanza upya mara mbili na kwamba hilo ni kosa lako, kisha umwombe siku moja na karani, daftari la mwezi mmoja, na wiki sita. Usimtajie Laravel wala React. Usiombe nyongeza ya fedha kwa muda ulioupoteza, lakini akitaka programu ya Play Store baadaye, hiyo iwe kazi nyingine yenye bei yake iliyoandikwa. Zile kazi za Django na Node.js usizifute. Ziweke pembeni, na mfumo ukishalipa miezi miwili bila malalamiko, rudi kwenye JavaScript, ambayo huwezi kuikwepa kwa kuwa ndiyo utakayoihitaji kuhifadhi rekodi za vituo vya mbali ndani ya kivinjari.

Ukikwama kwenye majibu ya M-Pesa, niandikie tena na uambatishe kumbukumbu za seva, ila ufute kwanza namba za simu za wanachama.